Daktari Aliyeishuku Ramani Yake

Siku ya kwanza nilipopanda gari na Daktari kwenda Kakesio, alinihoji tangu tunatoka Karatu mpaka lango la hifadhi, pale lami inapoishia. Mvua ya mwisho ilinyesha lini kwenu? Ng'ombe wanalala bomani miezi gani? Mavi yakikauka mnayapeleka wapi? Kila nilipojibu, alinirudishia swali lilelile: "Uliona mwenyewe, au uliambiwa?" Tulipofika langoni nilikuwa na uhakika wa mambo mawili tu: jina langu, na kwamba mwanamke yule simpendi.

Nilifanya naye kazi miaka kadhaa. Mradi wake ulikuwa unakadiria kiasi cha amonia kinachopanda angani kutoka huku kwetu. Amonia ni ile hewa kali inayotoka kwenye mkojo wa mifugo, kwenye mavi na kwenye mbolea ya chumvichumvi. Yeye alichukua vipimo vya setilaiti, akaviingiza kwenye kompyuta pamoja na upepo na joto la kila siku, kisha kompyuta ikamchorea ramani. Mimi nilikuwa mkalimani wake na msaidizi wa porini. Nimezaliwa Kakesio katika familia ya wafugaji, Kimaasai ndiyo lugha ya mama yangu, na Kiswahili nilikiokota shuleni mpaka kidato cha sita.

Hilo jina la Daktari lilimletea usumbufu. Shahada yake ilikuwa ya mambo ya hewa, lakini akina mama wa maboma hawakuwa na habari na shahada. Wakisikia daktari amefika, walimletea watoto wenye macho mekundu na mbuzi wenye kikohozi. Kila mara alinitaka nitafsiri: "Mimi ni daktari wa hewa, sio wa watu." Yeyo mmoja, mama wa makamo aliyebeba mtoto mgongoni, akanijibu, "Basi mwambie hewa ya huyu mtoto haipiti vizuri."

Nilitafsiri. Daktari hakucheka. Aliinama akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza, kisha akafungua mlango wa gari na kumwonyesha yule mama aingie. Tukaenda nao mpaka zahanati, mwendo wa saa mbili kwenye mashimo, na vipimo vya siku ile vikalala. Njia nzima hakusema neno la huruma hata moja. Kesho yake asubuhi nilichelewa kidogo kufika kwenye gari, akanigombeza mpaka dereva akageuza uso. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumpenda anakufukuza, na ukitaka kumchukia anafanya jambo linalokuvuruga.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni simu yake. Yeye ni Mwiraqw wa vilima vya Rhotia. Na mimi aliongea Kiswahili, na wakubwa wa mradi Kiingereza. Lakini kuna simu ilikuwa ikiita karibu kila mara tukiwa njiani, na akiona jina linalopiga, anasimamisha gari, anashuka, anasogea hatua kumi na kuongea Kiiraqw. Mimi Kiiraqw sikijui zaidi ya salamu. Ila ndani ya maneno yale nilisikia moja ninalolijua vizuri: Kakesio. Halafu kimya. Halafu Kakesio tena, kwa sauti ya juu.

Miaka ile maneno ya watu kuhamishwa kutoka hifadhini yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mgeni yeyote mwenye karatasi alitazamwa mara mbili. Aliyekuja kuhesabu ng'ombe alishukiwa. Aliyekuja kuhesabu wanafunzi alishukiwa. Sasa huyu alikuwa amekuja kuhesabu hewa inayotoka kwenye mkojo wa ng'ombe wetu, na akimaliza anaongea pembeni kwa lugha tusiyoisikia.

Na maziwa hakunywa. Kwetu mgeni akikataa maziwa, watu hawasemi kitu, lakini wanakumbuka. Daktari alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akashukuru, akakirudisha kama kilivyokuja. Nilimuuliza kama ni tumbo. "Sio tumbo," akajibu, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Mpaka leo sijui ilikuwa nini. Bibi yangu alikuwa na maelezo yake: mtu akinywa maziwa yako, hawezi tena kukuandikia mabaya, kwa hiyo huyu anajilinda.

Ukimuuliza kuhusu kazi yenyewe, alikuwa mwalimu mzuri ajabu. Siku moja tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha gari akaniuliza kama nimewahi kusimama mlimani nikatazama moshi wa kijiji.

"Mara nyingi," nikasema.

"Unaona moshi umetanda juu ya mabati. Unajua ni jiko la nani?"

"Hapana. Labda nijue upepo unatoka wapi."

"Basi setilaiti iko hivyohivyo. Haioni ng'ombe, haioni boma. Ardhi ikipata jua inatoa joto, na amonia iliyoko hewani inakula kipande fulani cha joto hilo. Setilaiti inapita asubuhi, inaona kipande kimeliwa, inasema hapa amonia ipo. Imetoka kwa nani, haijui. Hiyo ni kazi yangu na upepo."

"Na vikopo?" Vikopo vilikuwa vifaa vyangu: vya plastiki, vidogo kama vya dawa ya macho, ndani vina karatasi iliyolowekwa dawa inayonasa amonia. Tulivining'iniza kwenye nguzo kwa wiki mbili, kisha nikavifunga vikaenda maabara. Vingine vilikaa katikati ya maboma ya Kakesio, vingine kwenye mgongo wa kilima kusiko na kitu, vingine ukingoni mwa Ziwa Eyasi.

"Vikopo ni mashahidi wa chini," akasema. "Wa juu akisema uongo, wa chini watamsuta."

"Kwa hiyo tunatafuta nini hasa?"

Hapo alifunga chupa yake ya chai. "Nikikuambia ninachokitafuta, utanitafutia. Wewe niletee kilichopo."

Ilikuwa kanuni yake, na najua sasa kwamba kwa kazi yao ni kanuni njema. Lakini mtu ukishamshuku, jibu kama hilo linakuwa ushahidi.

Sitamtendea haki nikisema alikuwa mkavu siku zote. Jumapili aliimba kwaya Rhotia, tena sauti ya kwanza, macho amefumba. Nilimchokoza siku moja: "Daktari, huko mbinguni unakoimba, uliona mwenyewe au uliambiwa?" Alikuwa anamenya chungwa. Alimenya mpaka ganda likaisha, akanipa nusu. "Huko niliambiwa," akasema, akala nusu yake.

Sasa nieleze nilichofanya.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja Karatu, nyuma ya duka la vifaa vya kambi za watalii. Nilikwenda kuchukua betri, Daktari ametoka. Juu ya meza palikuwa na ramani imepigwa chapa kwa rangi. Wilaya nzima ilikuwa ya njano hafifu, na juu ya kwetu, juu ya Kakesio, palikuwa na doa jekundu kama damu ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi. Pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi neno moja na alama ya kuuliza: "Ng'ombe?" Ile alama ya kuuliza niliiona. Nakiri niliiona. Lakini nilivyokuwa nimekwisha kuamua, niliisoma kama hila tu.

Kumbe ndiyo maana ya simu zile, nikawaza. Watachukua doa hili waseme mifugo yetu inachafua hewa ya hifadhi. Sikumwambia mtu yeyote, hata bibi yangu. Kiangazi kile chote, mara tu gari la Daktari lilipotuacha, nilikwenda kuvitoa vikopo vya bomani, nikavining'iniza kwenye kichaka cha mbali ambako hata mbuzi hawapiti. Ikikaribia siku ya yeye kuja, nilivirudisha kwenye nguzo zake. Niliona ninailinda nchi yangu. Nililala vizuri kabisa.

Majibu ya maabara yaliporudi, Daktari aliniita ofisini. Mezani ametandika karatasi nyeupe, na juu yake vile vikopo, vimepangwa kwa mistari. Alichukua kimoja, akakigonga kwa kucha. Zikadondoka mbegu mbili za nyasi.

"Nyasi za bomani kwenu zinaota wapi?" akauliza.

Nilizitazama zile mbegu.

"Ng'ombe wamekanyaga pale mpaka udongo mtupu. Mimi mwenyewe nimetembea pale. Halafu kikopo kikae bomani wiki mbili, kisiguswe na nzi hata mmoja, kisipate vumbi la mavi?" Aligeuza kingine. "Na maabara wanasema hewa ya bomani ni safi kuliko ya kilimani. Majibu mazuri mno haya."

"Labda ng'ombe walikuwa wamehama, Daktari. Kiangazi kilikuwa kikali."

"Walihama?"

"Nadhani."

Alinitazama. Nilitegemea hasira, lakini alionekana mtu aliyechoka tu. "Kaa," akasema. Nikakaa. "Niambie unadhani ninafanya nini hapa."

Nikamwambia yote: ramani, doa, simu za pembeni, Kakesio iliyotajwa kwa Kiiraqw. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kompyuta na kunionyesha orodha ndefu. Ilikuwa orodha ya vitu vinavyotoa amonia, ambayo kompyuta hupewa kabla haijaanza kazi. Ng'ombe wana namba yao. Mbuzi, punda, mashamba ya mahindi, kila kimoja namba yake. Akashuka kwa kidole mpaka mstari wa Ziwa Eyasi.

Sifuri.

"Nani alikwenda ziwani akapima, akakuta sifuri?" akauliza. "Hakuna. Mtu alikaa mezani, akaona ziwa, akaandika sifuri. Lakini ziwa lile ni la magadi. Kiangazi maji yanarudi nyuma, matope yanabaki na kila kilichooza ndani yake, na upepo wa kiangazi unatoka kule kuja kwenu. Setilaiti inaona amonia juu ya Kakesio, kompyuta inatafuta wa kumbebesha. Ziwa limeshasamehewa. Anabaki nani?"

Nikaona: ng'ombe wetu.

"Nilihitaji vikopo vya bomani viwe vya kweli. Vya kweli tu. Ningeviweka kando ya vya ziwani, ningeona nani anamletea mwenzake. Umenivunjia kiangazi kizima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitafutia." Akafunga kompyuta. "Na umenitafutia vilevile."

Kuhusu simu alisema alikuwa akigombana na kaka yake, mkulima wa maharage, aliyetaka kujua kwa nini anawahangaikia wafugaji wakati ng'ombe wao waliwahi kuingia shambani kwake. Huenda ni kweli. Kaka yake sikuwahi kumwona, na sauti ile ya simu sikuwahi kuielewa. Nilichagua kumwamini, lakini kuchagua si sawa na kujua.

Aliwaandikia wakubwa wake barua na akaniagiza niisome kabla haijatumwa. Hakunificha. Aliandika kwamba vipimo vya bomani vilihamishwa na msaidizi wa mradi na visitumike. Wiki iliyofuata sikuwa tena na kazi.

Miezi ikapita. Siku moja tukaitwa mkutanoni, uwanja wa shule Kakesio. Amekuja bwana mmoja aliyejitambulisha kama mshauri, amevaa kofia ya watalii, na mkononi ana ramani kubwa. Niliijua kabla hajaikunjua. Lile doa lilikuwa palepale, ila ile alama ya kuuliza ya kalamu ya risasi haikuwepo. Alisema sayansi imeonyesha, kwamba mifugo imezidi, kwamba hata kutoka angani inaonekana. Wazee waliegemea fimbo zao. Mimi nilitazama chini.

Ndipo gari la Daktari likaingia uwanjani. Hakuna aliyemwalika. Alipita katikati ya watu na viatu vyake vya vumbi, akasimama mbele, akasema, "Hiyo ramani ni yangu. Na haisemi hivyo."

Mkalimani wa mkutano alikuwa kijana wa yule bwana, na laigwanani, kiongozi wetu wa mila, hakumtaka. Alinyoosha fimbo kwangu. "Wewe uliyekuwa unafanya naye kazi. Tuambie anasema nini."

Nikasimama kando yake. Hakunigeukia. Alieleza ziwa, magadi, upepo, ile sifuri, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Yule bwana akamsubiri amalize, akauliza kwa upole, "Daktari, una vipimo vya chini vinavyothibitisha?"

"Vya ziwani ninavyo. Vya bomani viliharibika."

Nilipotafsiri, laigwanani akauliza, "Viliharibiwa na nani?"

Nikamgeuzia Daktari swali lile kwa Kiswahili. Aliangalia watu, akaangalia ramani. "Waambie viliharibika mikononi mwetu," akasema.

Mwetu. Angeweza kunitaja, aliwahi kunitaja kwenye barua bila kupepesa. Niliwageukia wazee, bibi yangu akiwa katikati ya akina mama upande wa kushoto, nikasema kwa Kimaasai: "Viliharibiwa na mimi. Nilivificha porini, kwa sababu nilidhani huyu mama anatuuza. Vingekuwepo leo, huyu bwana asingekuwa na la kusema."

Uwanja wote ulinigeukia. Daktari hajui Kimaasai, lakini macho yanasomeka kwa lugha zote.

"Umewaambia nini?" akaninong'oneza.

"Ulichosema."

Alinitazama kwa jicho lile la ofisini, la kugonga kikopo kwa kucha. "Mbona nilisema maneno machache?"

Wazee hawakunichapa wala hawakunitukana. Laigwanani aliuliza swali moja tu: kiangazi kingine kinaanza lini? Wakamwambia yule bwana akunje ramani yake, arudi kitakapokwisha. Na mimi wakaniamuru nivilinde vikopo bomani, kwenye vumbi na nzi, mpaka mwisho, tena na mzee mmoja awe anakuja kuvihesabu. Daktari alikubali. Kisha, bila kuwaambia wazee, alimtuma dereva wake naye awe anapita kunichungulia. Nilichungwa na pande mbili, na nilistahili.

Majibu ya kiangazi kile hayakumfurahisha mtu yeyote sawasawa. Ukingo wa ziwa ulitoa amonia nyingi kuliko alivyotegemea hata yeye, na siku za upepo mkali ilifika mpaka kilimani. Lakini maboma nayo hayakuwa safi. Daktari alirudi uwanja uleule na ramani mpya, ambapo wekundu ulikuwa umehamia kando ya ziwa na kwetu pamebaki rangi ya chungwa. Mzee mmoja akafurahi, akasema sasa iandikwe kwamba ng'ombe hawana kosa.

"Siandiki hivyo," Daktari akasema. "Ng'ombe wenu nao wamo. Ila sio peke yao."

Manung'uniko yakapita. Kuna waliosema amenunuliwa na yule bwana, na huko mjini nasikia walisema amenunuliwa na sisi. Yule bwana hakurudi na ramani tena. Alirudi na maneno mengine, na hayo ni habari ndefu nyingine. Daktari alipanda gari lake na kuondoka bila kuaga vizuri.

Mwaka jana nilimwona tena. Sasa natembeza wageni kwa miguu milimani karibu na Karatu, na nikasikia ameacha kazi, anaishi kwake Rhotia. Nilikodi bodaboda nikaenda mchana. Nilimkuta uwanjani anapura maharage, amekonda, nywele zimeingia mvi. Hakushangaa kuniona. Aliniuliza kama mvua imenyesha Kakesio, kisha akaweka fimbo ya kupuria chini.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Homa ya mwaka juzi ilinichukua pua. Sinusi kitu chochote. Chai, sabuni, moshi, vyote sawa. Nina ndama anakohoa."

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, la mabanzi ya mbao yaliyobanwa pamoja bila hata upenyo, kwa ajili ya fisi na baridi ya kule juu.

"Jirani anasema ni safi. Fundi aliyelijenga anasema ni safi, lakini fundi hawezi kusema vingine." Alifungua kitasa. "Ingia wewe."

Niliingia. Sikufika hata kwenye kihori. Amonia ilinipiga usoni, koo likafunga, machozi yakaanza kushuka yenyewe. Ndama alikuwa amelala kwenye kona, pua yake ikitoka maji. Nilijua lile banda lilimgharimu nguvu zake za mwisho, na nilijua fisi wa Rhotia. Nikatoka nje nikifikicha macho.

"Ni kali, Daktari. Haifai. Ndama hawezi kupona mle ndani."

Alinisogelea, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akageuza uso wangu upande wa mwanga. Aliyatazama macho yangu muda mrefu, la kushoto, kisha la kulia. Akaniachia, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na nyundo ya kung'olea misumari. Hakumwita jirani. Aliichomeka chini ya banzi la kwanza, upande unaotoka upepo, akasukuma kwa uzito wote wa mwili wake mpaka msumari ukalia.

"Shika huku," akaniambia. "Lisiniangukie."